Tiba ya Upungufu Sugu wa Chembe Sahani kwa Watoto

Mtoto anayevilia damu chini ya ngozi bila kugongwa, au anayetokwa damu puani na kwenye fizi mara kwa mara, huenda ana upungufu wa chembe sahani, yaani chembe za damu zinazoziba mishipa inapojeruhiwa. Kwa kawaida chembe hizo huwa kati ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita ya damu. Katika maradhi haya, kingamwili hushambulia chembe sahani za mtoto mwenyewe, nayo bandama huziharibu kabla ya wakati. Idadi ikiwa chini ya 100,000 na hali ikadumu zaidi ya miezi 12, maradhi huhesabiwa kuwa sugu. Malaria, dengue, VVU na saratani ya damu nazo hushusha chembe sahani, hivyo uchunguzi hutangulia tiba.

Wazazi wengi hufadhaika daktari asipoandika dawa yoyote. Huo si uzembe. Tiba huongozwa na dalili za kuvuja damu, si tarakimu za maabara peke yake, na baadhi ya watoto hupona wenyewe hata baada ya mwaka kupita. Prednisoloni hupandisha chembe sahani, lakini ikitumiwa kwa muda mrefu hudumaza ukuaji na kudhoofisha mifupa. Immunoglobulini inayotiwa mshipani hufanya kazi ndani ya siku chache. Hata hivyo, ni ghali na nguvu yake huisha baada ya wiki kadhaa.

Kwa mtoto anayeendelea kuvuja damu, zipo dawa zinazochochea uboho kutengeneza chembe sahani: romiplostimu, sindano ya kila wiki, na eltrombopagi, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2015 kwa watoto kuanzia umri wa mwaka mmoja. Eltrombopagi haimezwi pamoja na maziwa wala vidonge vya madini ya chuma, kwani huzuia isifyonzwe. Ini nalo hupimwa mara kwa mara.

Kuondoa bandama huachwa kuwa hatua ya mwisho, hasa kwa mtoto wa chini ya miaka 5. Kabla ya upasuaji mtoto huchanjwa dhidi ya bakteria wa nimonia na uti wa mgongo. Asiye na bandama huweza kuzidiwa na malaria upesi, hivyo homa yoyote kwake ni dharura.

Nyumbani, aspirini na ibuprofeni huepukwa. Maumivu hutulizwa kwa parasetamoli.