Tangazo Lililovuka Mpaka: Njia za Intaneti mwaka 2008

Intaneti haina mwenyewe mmoja. Ni mitandao maelfu iliyoungana. Kila mtandao huwatangazia jirani zake anwani zilizo chini yake, nao huipeleka habari mbele. Kanuni ni kwamba tangazo la fungu dogo la anwani hushinda lile la fungu kubwa.

Udhaifu wa desturi hii ulidhihirika tarehe 24 Februari, 2008. Serikali ya Pakistan iliamuru YouTube ifungwe nchini humo. Pakistan Telecom, katika kutimiza amri, ilitangaza kuwa kwake ndiko iliko njia ya anwani 256, nazo zilikuwa ndani ya fungu la YouTube lenye anwani 1,024. Tangazo hilo la kuwafaa watu wa nyumbani likavuka mpaka: PCCW ya Hong Kong ililipokea bila kulihakiki, ikalieneza duniani. Baada ya dakika 80 YouTube nayo ikalitangaza fungu lile lile dogo, kisha mafungu ya anwani 128. Ilipita saa mbili na zaidi kabla PCCW haijaiondoa njia ile ya uongo.

Dakika hizi twazijua kwa sababu RIPE NCC ya Amsterdam ilikuwa ikiyaweka matangazo yote iliyoyasikia. Lakini daftari hilo lilishuhudia kosa, halikulizuia. Tangu 2011 wasajili wa anwani hutoa hati za kuthibitisha ni mtandao upi wenye haki ya kuzitangaza. Hata hivyo, hati hazina nguvu pasipo jirani kuzikagua.