Kichwa kisichopona kwa sababu ya dawa ya kichwa

Bukoba hadi Muleba, kichwa kikiuma tunafikiria malaria kwanza. Hatukosei, malaria ipo, na kipimo chake cha haraka kinapatikana hadi zahanati. Shida ni pale kipimo kinapoonyesha hakuna malaria, mtu akaendelea na panadol asubuhi na jioni, mwezi wa tatu sasa, na kichwa bado.

Huu ni ugonjwa unaotambulika: maumivu ya kichwa yatokanayo na kuzidisha dawa za maumivu. Huwapata wenye tatizo la kichwa tangu awali, hasa kipandauso, na wanawake zaidi ya wanaume. Mwili ukishazoea dawa, kila inapokwisha nguvu maumivu yanarudi, na mtu anameza tena. Kinachohesabiwa ni siku, si wingi wa vidonge. Kichwa kinauma siku 15 au zaidi kwa mwezi, na kwa zaidi ya miezi 3 umekuwa ukimeza parasetamo, aspirini au ibuprofeni siku 15 au zaidi kila mwezi. Kwa vidonge vya mchanganyiko, vikiwemo vyenye kafeini, na kwa tramado au kodeini, siku 10 zinatosha.

Hiyo kafeini isipite hivi hivi, maana kwetu kahawa haiishii kikombeni, tunaitafuna. Robusta ya Kagera ina kafeini nyingi kuliko arabika. Aliyezoea kutafuna kila siku, akiikosa anaweza kuumwa kichwa, akakimbilia duka la dawa.

Tiba ni kuacha. Parasetamo inaweza kuachwa mara moja, ila ujiandae: kwa siku 2 hadi 10 kichwa huzidi, pengine na kichefuchefu na kukosa usingizi. Hapo ndipo wengi hurudi dukani. Wanaovumilia, wengi wao hupata nafuu ndani ya miezi 2. Tramado na kodeini usiziache bila daktari. Andika kwenye kalenda siku ulizoumwa na siku ulizomeza dawa, uende nayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Bukoba, au Rubya, Ndolage au Kagondo kwa walio Muleba.

Lakini kichwa kilichokuja ghafla kwa ukali usiowahi kuuona, chenye homa na shingo kukakamaa, chenye upande mmoja wa mwili kulegea, au cha mjamzito anayeona ukungu machoni, hakingoji kalenda. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.