Plastiki ndani ya mayi: namna inasaidia mikrobe kushinda dawa

Huko Bukavu, chupa na sashe zinazotupwa katika ziwa Kivu zinaishia kwenye mto Ruzizi, ambako mara kwa mara zinaziba mitambo ya bwawa la umeme. Hasara hiyo inajulikana, kwani umeme unakatika. Ingine haionekani: kemikali zinazotoka ndani ya plastiki zinaweza kusaidia mikrobe kuwa sugu, ni kusema antibiotiki haiziuwi tena.

Kemikali gani?

Viwanda vinachanganya plastiki na vitu vingi: ftalati ili iwe laini, zingine ili isishike moto haraka, na rangi ambazo zingine ziko na madini ya risasi ao kadmiamu. Bisfenoli A iko katika plastiki ngumu. Nyingi hazikushikamana sana na plastiki yenyewe. Jua, joto na muda vinazitoa pole pole, kiisha zinaingia ndani ya mayi.

Mikrobe zinapeana kinga

Bakteria nyingi ziko na kipande kidogo cha urithi kinachoitwa plasmidi. Plasmidi inaweza kubeba kinga ya kushinda dawa. Bakteria moja inajiunga na ingine na kuipatia kopi, hata kama haziko za aina moja. Hivi bakteria ya mayi isiyo na ubaya inaweza kupatia kinga ile inayoleta ugonjwa.

Katika maabara, watafiti waliona kwamba ftalati na bisfenoli A zinaweza kuongeza kupeana huko. Zinasumbua bakteria, na ngozi yake ya inje inapitisha vitu kwa urahisi zaidi.

Risasi na kadmiamu zinafanya kwa njia ingine. Mara ingine plasmidi moja inabeba kinga ya metali na kinga ya dawa pamoja. Metali ikiwa ndani ya mayi, bakteria hiyo njo inabakia, hata kama hakuna dawa pale. Tena, juu ya kipande cha plastiki mikrobe zinafanya utando wa utelezi na kuishi karibu karibu.

Chanzo kikubwa

Hata hivyo, chanzo cha kwanza cha usugu ni kutumia antibiotiki ovyo: kununua vidonge viwili vitatu, ao kumeza amoxicilline kwa mafua, ambayo inaletwa na virusi. Mwaka 2019, bakteria sugu ziliuwa watu karibu milioni 1.27 duniani. Afrika kusini ya Sahara iliumia kuliko sehemu zingine.

Mambo ya kufanya

- Chemsha mayi ao tia klore. Inauwa mikrobe, lakini haiondoe kemikali za plastiki.
- Usimimine mayi ya moto ndani ya bidoni ao chupa ya plastiki. Weka bidoni mbali na jua.
- Usitupe sashe katika mtaro. Amri ya serikali ya Desemba 2017 inakataza mifuko ya plastiki katika inchi yetu, ila ingali sokoni.
- Vidonge vilivyobaki visitupwe chooni wala ziwani. Uliza kituo cha afya.
- Mtu akihara, kwanza apewe mayi ya ORS, kiisha apelekwe kwa munganga. Antibiotiki inatolewa na yeye.