Kibali cha Kuchimba Barabara

Mwaka 2009 mikongo ya intaneti ya baharini ilifika Mombasa na Dar es Salaam. Rwanda haina bahari, hivyo mkongo ulilazimika kuja kwa nchi kavu. Kufikia 2011 zaidi ya kilomita 2,300 zilikuwa zimetandazwa hadi wilaya zote 30.

Mtaani kwetu Kigali nimeona barabara ileile ikichimbwa mara mbili. Mara ya pili bomba la maji lilikatwa, na mama akafunga mgahawa siku tatu.

Kwangu, kibali cha kuchimba ni hati ya historia: kinaeleza nani alichimba, wapi na kwa kina gani. Afisa asiyesoma vibali vya zamani kabla ya kutoa kipya huruhusu bomba likatwe tena.