Ushahidi Uliokuwa Damuni: Protini na Sumukuvu ya Kitui na Makueni

Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua ini ghafla katika wilaya za Makueni na Kitui nchini Kenya na katika maeneo jirani ya Machakos na Thika. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakajaa maji, miguu ikavimba. Watu 125 walifariki. Tangu hapo kisa hicho husimuliwa kama kisa cha mahindi: mvua ilinyesha wakati wa mavuno, nafaka ikawekwa ndani ya nyumba kabla haijakauka, ikaota kuvu, na waliokula wakafa. Masimulizi hayo ni ya kweli lakini yanaishia kizingitini. Sumu iliyowaua watu wale ilikamilishwa ndani ya maini yao wenyewe, na protini iliyokuwa ikifanya kazi yake ya kila siku. Na ushahidi uliowawezesha watafiti kusema kwa uhakika nani amekula sumu hiyo, na kwa kiasi gani, ulihifadhiwa na protini nyingine. Asiyejua maumbo ya protini hizi mbili atapata shida kueleza kwa nini moto wa jikoni haukumwokoa mtu, na kwa nini damu ilisema yale ambayo ghala halikuweza kuyasema.

Sumu hiyo iligunduliwa mbali na Kitui na Makueni. Mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazili. Uchunguzi ulimfichua kuvu aitwaye Aspergillus flavus, na mwaka 1963 kundi la wanakemia akiwemo George Büchi, katika chuo cha MIT nchini Marekani, likachora umbo la sumu yake, aflatoksini, ambayo Waswahili wengi sasa huiita sumukuvu. Aina iliyo kali zaidi, B1, ina atomi 35 tu zilizoshikana katika pete ngumu, bapa. Udogo huo ndio kiini cha balaa. Protini ni kitu cha namna nyingine kabisa: ni uzi mrefu wa asidi amino uliojikunja ukapata umbo, na umbo hilo ndilo linalofanya kazi. Mkonge uliosukwa kuwa kiondo hubeba mbaazi, ukiufumua unabaki kamba isiyobeba kitu. Maji yanayochemka huifumua protini vivyo hivyo. Ndiyo maana kuvu mwenyewe hufa sufuriani. Lakini aflatoksini haina cha kufumuliwa, na huanza kuvunjika joto likipita nyuzi 200 hivi, wakati isyo, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ikitokota haipiti nusu yake. Mama aliyechemsha mahindi yake kwa saa tatu alikuwa ameua kuvu na kuiacha sumu.

Hata hivyo, aflatoksini inapoingia tumboni bado haijawa na makali yake yote. Husafiri hadi kwenye ini, na huko hukutana na vimeng'enya vya jamii ya saitokromu P450, hasa kile kinachoitwa 3A4. Hiki ni kimeng'enya chenye mfuko mpana katikati, na ndani ya mfuko huo kuna atomi ya chuma inayoshika oksijeni. Upana huo una faida kubwa: sehemu kubwa ya dawa tunazomeza hupitia humo, zikaongezewa oksijeni, zikawa rahisi kutolewa mwilini. Umbo la 3A4 ya binadamu lilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2004, mwaka uleule wa msiba, ingawa hakuna uhusiano kati ya mambo hayo mawili isipokuwa kalenda. Mfuko unaopokea wageni wa kila aina hauchagui. Aflatoksini huingia, nayo huongezewa oksijeni, lakini badala ya kulainika hugeuka kuwa kitu chenye pupa ya kushikamana na chochote kilicho karibu: vinasaba, na protini za seli. Panya wadogo wa nyumbani wana kimeng'enya kingine ambacho umbo lake linaikamata sumu hii iliyogeuzwa na kuifunga kabla haijaleta madhara, na kwa hiyo huistahimili vizuri. Vimeng'enya vya binadamu vya ukoo huohuo huifanya kazi hiyo kwa udhaifu mkubwa. Huenda panya mdogo wa ghalani amekula gunia lililomuua mwenye nyumba, naye akaendelea na shughuli zake.

Sasa tuje kwenye protini ya pili. Albumini hutengenezwa na ini, huogelea katika damu, na moja ya kazi zake ni kuyashikilia maji yasitoroke kwenye mishipa. Ini likiharibika, albumini hupungua, maji huvuja, na tumbo na miguu huvimba kama ilivyoonekana Makueni. Lakini albumini hiyo ina asidi amino 585, na kati ya hizo zipo nyingi ziitwazo lisini, ambazo mikono yake imejitokeza nje ya umbo. Aflatoksini iliyogeuzwa na ini hunasa kwenye mikono hiyo na haibanduki. Mwaka 1987 kiungo hicho cha sumu na lisini kilitambuliwa katika panya wa maabara, na miongoni mwa walioandika matokeo yake alikuwemo Büchi yuleyule wa 1963. Kwa kuwa albumini moja hukaa katika damu kwa majuma kadhaa, damu inakuwa na kumbukumbu ya mlo uliokwisha sahauliwa.

Umuhimu wa jambo hilo unaonekana ukilinganisha misiba miwili. Mwaka 1981, Makueni ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Machakos, watu 20 walilazwa kwa ugonjwa wa ini na 12 wakafa. Madaktari waliipata sumu katika mahindi ya nyumbani na katika maini ya marehemu. Walikuwa sahihi, lakini ushahidi wao wa mwilini ulitoka kwa maiti. Mwaka 2004 watafiti waliwachukua wagonjwa 40 na watu 80 wazima wa vijiji vilevile, wakapima mahindi yao na albumini yao. Mahindi ya nyumba za wagonjwa yalikuwa na wastani wa maikrogramu 354 hivi za sumu kwa kilo, na ya wazima 44, wakati kikomo cha sheria ya Kenya kilikuwa 20. Katika damu, sumu iliyonasa kwenye albumini ya wagonjwa ilikuwa mara nane ya ile ya wazima. Tofauti ya damu ilikuwa thabiti kuliko ya mahindi, na sababu yake inaeleweka: debe la leo si lazima liwe ndilo lililoliwa mwezi uliopita, na sumu haisambai sawasawa ndani ya gunia moja.

Yuko atakayepinga kwamba haya yote ni kuzunguka mbuyu. Watu walikufa kwa sababu ya njaa, umaskini na mvua isiyo na msimu, atasema, na hakuna aliyekufa kwa sababu ya lisini. Hoja hiyo ina uzito. Katika masoko 65 yaliyopimwa mwaka huohuo, zaidi ya nusu ya sampuli 350 za mahindi zilipita kikomo, na asilimia 7 zilipita maikrogramu 1,000. Mwenye njaa hakuwa na pa kukimbilia. Lakini umaskini hauelezi kwa nini, kati ya majirani maskini wa kijiji kimoja, huyu aliugua na yule hakuugua. Uchunguzi uleule ulionyesha kwamba virusi vya homa ya ini aina ya B vilikuwa vya kawaida zaidi kwa wagonjwa. Dalili hiyo inaelekeza tena kwenye ini na hali ya vyombo vyake.

Pingamizi la pili ni la wenye mila ya jikoni, na nalo halistahili kudharauliwa. Kukoboa mahindi kupata muthokoi huondoa ganda na kiini, mahali sumu ilipojazana, na utafiti uliochapishwa 2008 ulipata kwamba kazi hiyo hupunguza sumu kwa karibu nusu. Kuchemsha kwa magadi hupunguza zaidi, kwa sababu magadi hufungua pete mojawapo ya aflatoksini. Tatizo ni kwamba pete hiyo inaweza kujifunga tena ikikutana na asidi. Na nusu ya sumu ya mahindi yenye maikrogramu 1,000 bado ni 500.

Kumbukumbu ya albumini imeendelea kusema. Sampuli 600 za damu zilizokusanywa katika utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa 2007, mwaka ambao haukuwa na msiba wa kutangazwa, zilipopimwa baadaye, asilimia 78 zilikuwa na alama ya aflatoksini, na mkoa wa Mashariki ulikuwa miongoni mwa iliyoongoza. Kiasi kidogo cha namna hiyo hakimlazi mtu hospitalini. Hata hivyo, tangu 1991 inajulikana kwamba sumu hii inahusishwa na badiliko moja katika protini p53, inayozuia saratani: asidi amino ya 249, arginini, inakuwa serini, umbo linalegea, na protini inashindwa kuushika uzi wa vinasaba.

Dawa iliyo shambani nayo inafuata mantiki hiyohiyo. Kuvu huitengeneza sumu kwa mlolongo wa vimeng'enya, na kimoja kikikosa umbo mlolongo mzima hukatika. Aspergillus aina ya AF36 ya Marekani ina kasoro ya herufi moja ya kinasaba inayokatiza kimeng'enya cha mwanzo, hivyo haiwezi kutoa sumu. Aflasafe KE01, inayotengenezwa Katumani kwa kuvu wa Kenya wasio na sumu, huwatanguliza kuvu hao shambani wakawabana wale wabaya. Mkulima anainyunyiza majuma machache kabla ya mahindi kutoa mbelewele. Lakini serikali za kaunti za Kitui na Makueni zisiridhike kuhesabu magunia yanayosambazwa. Zipime pia albumini ya watoto wanaokula mahindi hayo, maana hapo ndipo itakapojulikana kama sumu imepungua.