Mji Uliojengwa na Wageni: Habari za Watu wa Dar es Salaam

Mara nyingi tunaposimuliwa habari za miji mikubwa, tunasimuliwa habari za majumba, bandari na barabara zake. Katika mazungumzo haya twapenda kueleza habari nyingine, nazo ni habari za watu wenyewe: walitoka wapi, walikuja kwa sababu gani, na walipofika waliishi namna gani. Tumechagua mji wa Dar es Salaam, kwa kuwa ni vigumu kupata kijiji katika Tanzania ambacho hakina mtoto wake aliyekwenda huko.

Hesabu ya watu ya mwaka wa 1948 ilionyesha kuwa mji huo ulikuwa na watu 69,227. Hesabu ya mwaka wa 2022 ilionyesha kuwa mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Ni dhahiri kuwa umati huu wote haukuzaliwa na wale wachache wa kwanza. Wengi walikuja wenyewe, au ni watoto na wajukuu wa waliokuja.

Tuanze na asili. Kabla ya mji kuwapo, palikuwa na kijiji kilichoitwa Mzizima. Wenyeji wake walikuwa Washomvi, watu wa uvuvi na biashara ya pwani, pamoja na Wazaramo, ambao ni wakulima. Lakini hata hao walikuwa na habari ya kutoka mahali pengine. Washomvi husimulia kuwa wazee wao walitoka Barawa, katika pwani ya Somalia, na Wazaramo husimulia kuwa wazee wao waliteremka kutoka upande wa milima ya Uluguru. Masimulizi ya wazee yasema kuwa Washomvi waliposhambuliwa na Wakamba, waliomba msaada kwa Pazi, mkuu wa Wazaramo. Adui walipofukuzwa, pande hizo mbili zilipatana kukaa pamoja, na Washomvi wakawa wakimtolea Pazi ada. Basi hata wale tuwaitao wenyeji walianza kwa mapatano ya wageni na wageni.

Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Unguja aliipenda bandari ile yenye maji matulivu, akaanza kujenga mji. Walikuja Waarabu wa Hadhramaut, wakaja na wafanya biashara wa Kihindi. Wengine waliletwa pasipo hiari yao, maana mashamba ya kando ya mji yalilimwa na watumwa. Majid alifariki mwaka wa 1870, na ndugu yake Barghash, aliyetawala baada yake, hakuuendeleza mji. Nyumba nyingi zikabomoka, nyasi zikaota mahali palipokusudiwa kuwa barabara. Ilidhaniwa kuwa mji umekwisha.

Mwaka wa 1887 walifika Wadachi, yaani Wajerumani, na mwaka wa 1891 wakaufanya Dar es Salaam kuwa makao makuu ya serikali yao badala ya Bagamoyo. Mambo mawili yakavuta watu wa bara. La kwanza ni kodi. Tangu mwaka wa 1898 kila nyumba ilidaiwa kodi, na asiyekuwa na fedha ilimpasa kutafuta kazi itakayompa fedha hiyo. La pili ni reli. Ilianza kujengwa mwaka wa 1905 kutoka Dar es Salaam, ikafika Morogoro, kisha Tabora, na mwaka wa 1914 ikafika Kigoma. Wanyamwezi waliokuwa wakisafiri kwa miguu miezi mingi, na mizigo mabegani, sasa waliweza kufika pwani kwa muda wa siku chache tu. Njia ile iliyotandikwa ili kuchukua bidhaa ikawa pia njia ya watu.

Kisha ikaja vita kuu ya kwanza. Waingereza waliingia mjini Septemba mwaka wa 1916. Maelfu kwa maelfu ya Waafrika walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Katika Dar es Salaam kambi ya wapagazi hao ilikuwa upande wa magharibi wa mji. Kila msomaji amekwisha kulisikia jina la Kariakoo, lakini pengine si wote wanaojua kuwa ni jina la kikosi kile cha wapagazi kwa Kiingereza, lililogeuzwa na ndimi za watu wetu. Baada ya vita mahali pale palifanywa soko, na kando ya soko nyumba za Waafrika. Atembeaye katika mitaa yake husoma majina kama Nyamwezi, Pemba, Mafia na Kongo.

Katika miaka iliyofuata, watu waliendelea kuja. Wazaramo walikuwa wengi kuliko wote, kwa kuwa mji u karibu na mashamba yao. Walifuatwa na Warufiji, Waluguru, Wanyamwezi, Wamanyema, Wayao, Wangoni na wengine. Kijana aliondoka kwao ili apate shilingi za kodi, au mahari, au nguo za mama yake. Wengine waliondoka kwa sababu mvua imekosa kunyesha, na wengine kwa sababu wamechoka kutumwa na wazee. Karibu kila mmoja alisema kuwa atakaa kidogo tu, kisha atarudi.

Wenye kutoa kazi walilishika neno hilo la kurudi. Walipopima mshahara, waliupima kuwa ni wa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto, ambaye jamaa yake wanalishwa na jembe huko kijijini. Makuli wa bandarini waliandikwa kazi kwa siku: meli ikiwapo walikula, isipokuwapo walikaa. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mji ulimpa mgeni jembe tangu siku ya kwanza, lakini haukumpa mahali pa kuweka kichwa. Ulitaka mikono yake, nao ulitumai kuwa mwili wake na watoto wake watabaki kwao.

Jambo hili lilileta shida kubwa wakati wa vita kuu ya pili. Watu walizidi kuja, nguo zikawa adimu, bei za vyakula zikapanda, na mishahara haikupanda kwa kadiri hiyo. Makuli waligoma mwaka wa 1939, wakagoma tena mwaka wa 1943. Mgomo ulioanza bandarini Septemba mwaka wa 1947 ulienea kwa kufuata reli hata ukafika miji ya bara, maana wafanya kazi wa njia ile walikuwa wamekwisha kufahamiana. Katikati ya taabu hizo, mwaka wa 1944, serikali ilitunga sheria ya kuwaondoa mjini Waafrika wasiokuwa na kazi ya kudumu. Walikamatwa, wakarudishwa kwao. Wengi wao walirejea mjini baada ya muda mfupi, kwa kuwa sababu iliyowatoa kijijini ilikuwa haijaondoka.

Sasa tueleze mgeni huyu aliishije, maana hapa ndipo penye jambo la kujifunza. Serikali haikuwa na nyumba za kumtosha. Aliyempa mahali ni Mwafrika mwenziwe. Nyumba ya Kiswahili, kama ijulikanavyo mjini, ina ukumbi wa kupita katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na nyuma una uwanja wa kupikia na kufulia. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, akapangisha vilivyosalia. Baadhi ya wenye nyumba walikuwa wanawake, waliojipatia fedha zao kwa kupika vitumbua, kuuza pombe au kufanya biashara ndogo ndogo. Mnyamwezi alilala chumba cha kuume, Myao cha kushoto, wakateka maji pamoja, wakasikia kilio cha mtoto wa mwenzao usiku. Lugha ya uani ilikuwa Kiswahili. Mtoto aliyezaliwa uani pale alikua akikisema kama lugha ya mama yake.

Lakini hofu kubwa ya mgeni haikuwa kulala, ilikuwa kufa. Huko kwao, mtu akifa, ndugu huja kumwosha, kumchimbia kaburi na kumlilia. Mjini, mtu asiye na ndugu atazikwa na nani? Ndipo watu walipotumia desturi waliyokuwa nayo tangu zamani za misafara, nayo ni utani. Wanyamwezi waliopita katika nchi ya Wazaramo kwenda pwani walikuwa wamekwisha kufanya utani nao. Mtani aweza kukutukana pasipo ugomvi, aweza hata kukunyang'anya kitu chako kwa mzaha. Lakini ukifiwa, yeye ndiye ajaye kwanza, hushika jembe la kuchimbia kaburi, na kwa maneno yake ya mchezo huwaondolea wafiwa uzito wa moyo. Hivyo Mnyamwezi aliyefia mbali na Tabora alipata mtu wa kumzika.

Utani peke yake haukutosha mji uliokuwa ukikua. Kwa hiyo watu walifanya vyama vya kusaidiana na kuzikana. Kila mwanachama alitoa senti zake, na akiugua au akifa chama kilimtazama. Watu wa kabila moja walikusanyika, kama Wazaramo walivyofanya chama chao mwaka wa 1938. Lakini vilikuwapo pia vyama visivyouliza kabila. Vikundi vya ngoma ya beni, kama Marini na Arinoti, vilichanganya watu wa kila namna. Mwaka wa 1929 kilianzishwa Chama cha Waafrika, na mwaka wa 1935 timu ya mpira ya Young Africans. TANU ilipoanzishwa mwaka wa 1954, iliwakuta watu wa mjini wamekwisha kuzoea kukutana, kuchanga na kuchagua viongozi wao. Walijifunza hayo kwa kuzikana kabla ya kuyatumia katika siasa.

Baada ya Uhuru wa mwaka wa 1961 mji ulikua upesi zaidi. Mwaka wa 1957 ulikuwa na watu 128,742. Mwaka wa 1967 walikuwa 272,821. Walizidi kuja Wachagga, Wapare, Wahaya na Wasukuma. Wanawake nao walikuja kwa wingi kuliko zamani. Mahali kama Manzese palijaa nyumba ambazo hazikupimwa na mtu ye yote wa serikali. Wakuu wapya walipata tatizo lile lile la wakuu wa zamani, na mara nyingine walitumia dawa ile ile. Ng'ambo ya bandari, katika kijiji cha Gezaulole, ambalo maana yake kwa Kizaramo ni jaribu uone, watu wasio na kazi mjini walipelekwa kulima. Mwaka wa 1983 ikaja Nguvu Kazi: watu wasioweza kuonyesha kazi yao walikamatwa mitaani, wakapakiwa katika magari, wakapelekwa mashambani. Kama ilivyokuwa baada ya mwaka wa 1944, wengi walirudi. Sheria yaweza kumchukua mtu hata mlangoni kwa baba yake, lakini haiwezi kumzuia asiondoke tena ikiwa shamba halimlishi.

Hatusemi kuwa mji hauna taabu, wala kwamba kila kijana aondoke kwao. Kijiji hupungukiwa na mikono ya vijana, na mjini wako wengi wasiopata walichokifuata. Lakini historia hii yatuonyesha mambo mawili. Kwanza, ye yote atakaye kupunguza safari ya watu kwenda mjini na aanze kutazama kijijini: bei ya mazao, shule, dawa na maji. Pili, mji utakao kazi ya mgeni hauna budi kumpa na mahali pa kukaa na mke wake, kulea watoto wake, na kuzikwa kwa heshima.

Katika kila kizazi, watu wa Dar es Salaam wamewalalamikia waliokuja nyuma yao kwamba wanaujaza mji. Aliyefika kwa miguu alimlalamikia aliyefika kwa gari la moshi, na aliyefika kwa gari la moshi akamlalamikia aliyefika kwa basi. Wazee wetu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mji huu umepona mara nyingi kwa mgeni: ndiye aliyepakua meli zake, akajenga nyumba zake, na kuwachimbia wenyeji makaburi. Anayekuja leo na mzigo wake kichwani ajua kazi hizo pia.