Kilomita za Karatasini

Juni 2011, kampuni ya Mazda ilitoa Demio yenye injini ya lita 1.3 ya aina ya SkyActiv. Karatasi ya maelezo ya gari hilo ilikuwa na namba mbili za mafuta: kilomita 30 kwa lita na kilomita 25 kwa lita. Gari ni lile lile na injini ni ile ile. Namba ya kwanza ilitoka kwenye kipimo cha zamani cha Japani kiitwacho 10-15, na ya pili kwenye kipimo kipya, JC08. Kilomita tano katika kila lita zilipotea bila fundi kugusa hata boliti moja.

Demio za namna hiyo zimejaa leo Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na namba inayopendwa kutajwa ni ile kubwa. Ingia yadi yoyote uulize Passo, Vitz au Demio inakula vipi. Utaambiwa, "Hii hainywi bosi, inanusa tu," kisha utapewa namba. Mnunuzi anayekusanya akiba yake miaka miwili au mitatu ana haki ya kujua namba hiyo ilizaliwa wapi, maana kwa sehemu kubwa haikuzaliwa barabarani.

Vipimo hivi havikuanza kwa ajili ya mafuta. Vilianza kwa ajili ya moshi. Katika miaka ya 1960 jiji la Los Angeles lilikuwa limegubikwa na ukungu mchafu wa magari, na watafiti wa California walitaka njia ya kupima moshi wa kila gari kwa masharti sawa. Wakachora safari ya asubuhi ya mtu anayekwenda kazini katika jiji hilo: kilomita 12, dakika 23 hivi, kusimama na kuondoka kila mara. Kisha wakaihamishia maabara. Gari hufungwa likatulia mahali pamoja, matairi yanayovuta yakazunguka juu ya roli za chuma, na dereva akafuata mstari wa mwendo anaouona mbele yake. Moshi wa ekzosi hukusanywa mifukoni, kaboni iliyomo hupimwa, na kutokana na kaboni hiyo hukokotolewa mafuta yaliyoungua. Hakuna kilima wala tope, na kiyoyozi kimezimwa. Tena mashine za siku zile zilikuwa dhaifu, na gari likikanyagwa mafuta kwa nguvu matairi yangeteleza juu ya roli. Ikabidi safari yenyewe ilainishwe: gari lisiongeze mwendo kwa zaidi ya kilomita 5.3 kwa saa katika kila sekunde. Hivyo ndivyo udhaifu wa mashine ulivyogeuka kuwa tabia ya dereva wa kwenye vitabu, mtu mpole asiyekuwa na haraka hata siku moja.

Kisha ikaja Oktoba 1973. Nchi za Kiarabu zilizuia mafuta kwa Marekani na washirika wake, na katika miezi michache pipa lililouzwa kama dola 3 likakaribia dola 12. Mwaka 1975 Marekani ilitunga sheria iliyozitaka kampuni zifikishe wastani wa maili 27.5 kwa galoni ifikapo 1985, sawa na kilomita 11.7 kwa lita. Kipimo kilichobuniwa kwa ajili ya moshi kikapewa kazi ya pili, na matokeo yake yakabandikwa kwenye vioo vya magari mapya.

Madereva wakaanza kulalamika. Wakala wa mazingira wa nchi hiyo, EPA, ukakubali kwamba walikuwa na hoja, na kuanzia magari ya 1985 ukakata asilimia 10 kwenye namba za mjini na asilimia 22 kwenye namba za barabara kuu. Mkato ulikuwa mmoja kwa magari yote. Ilipofika toleo la 2008 EPA ikaongeza majaribio matatu: mwendo mkali, joto kali kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na baridi ya chini ya sifuri. Gari dogo la Geo Metro XFi, lililosanifiwa na Suzuki na kuwa na injini ya lita moja yenye silinda tatu, lilitangazwa mwaka 1990 kuwa linakwenda maili 53 kwa galoni mjini na 58 barabara kuu. Lilipohesabiwa upya kwa mizani ya 2008 likashuka hadi 43 na 52.

Ulaya ilichelewa zaidi, na ilichelewa kwa gharama kubwa. Kipimo chake, NEDC, kilitokana na mzunguko wa mjini wa mwaka 1970, ambamo gari huchukua sekunde 26 kutoka kusimama hadi kufika kilomita 50 kwa saa. Mkokoteni hauko mbali na hapo. Wahandisi wakajifunza kupenya mianya iliyoruhusiwa na sheria, na taasisi ya ICCT, ambayo uchunguzi wake ndio uliowasha kashfa ya dizeli ya Volkswagen mwaka 2015, ikawa inalinganisha namba rasmi na mafuta ambayo madereva walikuwa wakiyanunua. Pengo lilikuwa asilimia 9 hivi mwaka 2001. Katikati ya muongo uliofuata lilikuwa limefika kama asilimia 40. Kipimo kipya, WLTP, kilianza kutumika Septemba 2017.

Lakini sisi magari yetu madogo hatuyatoi sana Ulaya. Tunayatoa Japani, na historia ya Japani ndiyo inayogusa mfuko wetu.

Japani ilikuwa na kipimo chake tangu 1973, na mwaka 1991 ikakiongezea kipande cha mwendo wa juu kidogo, kikawa 10-15. Safari nzima ilikuwa kilomita 4.16 kwa dakika 11. Mwendo wa juu kabisa ulikuwa kilomita 70 kwa saa, na wastani 22.7. Injini ilichemshwa kwanza kabla ya kuanza kuhesabu, na injini iliyochemka hula kidogo kuliko iliyotoka kuamka. JC08, iliyoshika nafasi yake mwaka 2011, ilirefusha safari hadi kilomita 8.17, ikapandisha mwendo hadi 81.6, na sehemu ya kipimo ikaanza injini ikiwa baridi.

Namba hizi zilikuwa na thamani ya fedha. Tangu 2009 serikali ya Japani ilipunguza kodi kwa magari yaliyovuka viwango vya mafuta. Tazama kioo cha nyuma cha Vitz au IST iliyoegeshwa mtaani kwako: pengine bado kuna kibandiko chenye nyota nne, na pembeni yake kingine chenye herufi za Kijapani na +5%, +15% au +25%. Cha nyota kinahusu moshi. Cha asilimia kinataja mara nyingi mwaka wa 22 wa enzi ya Heisei, yaani 2010, na maana yake ni kwamba gari lilivuka kiwango cha mafuta kilichowekwa kwa mwaka huo kwa asilimia hizo. Ni cheti cha maabara ambacho tunakitembeza mjini bila kukisoma.

Fedha ikiingia, mbio huanza. Suzuki na Daihatsu zilipokezana taji kwenye vigari vya injini ndogo kabisa, hadi Suzuki Alto ya Desemba 2014 ikatangazwa kufika kilomita 37 kwa lita. Mitsubishi ilikuwa mbioni humo. Lengo la kigari chake cha eK lilikuwa kilomita 26.4 kwa lita mwaka 2011, likapandishwa mara tano hadi 29.2. Wahandisi hawakuweza kulifikia kwa haki.

Kuna hatua moja ambayo wanunuzi wengi hawaijui, nayo ndiyo iliyochezewa. Kabla gari halijapanda kwenye roli, hukimbizwa kwenye barabara tambarare, gia ikawekwa nyutro, likaachwa lipungue mwendo lenyewe. Namna linavyopungua huonyesha upepo na matairi vinalizuia kiasi gani, na kiasi hicho ndicho roli hupangiwa zikaze. Ukiandika kizuizi kidogo kuliko cha kweli, roli huwa laini, na gari litakwenda mbali kwa mafuta machache bila mtu kuona chochote maabara.

Nissan, iliyokuwa ikiuza vigari hivyo kwa jina la Dayz, ndiyo iliyopima na kuona namba haziingiliani. Aprili 2016 Mitsubishi ilikiri kuhusu magari 625,000, na pia kwamba tangu 1991 ilikuwa ikitumia njia isiyokubaliwa na sheria. Mwezi uliofuata Suzuki nayo ikasema haikufuata utaratibu kwa aina 16 za magari, zaidi ya milioni 2. Ilieleza kwamba uwanja wake wa majaribio wa Sagara uko karibu na bahari na upepo wake unasumbua. Hyundai na Kia zilikuwa zimekwishanaswa Marekani kwenye hatua hiyo hiyo mwaka 2012, na miaka miwili baadaye zikakubali kulipa faini ya dola milioni 100.

Hata hivyo pengo kubwa halitokani na udanganyifu. Toyota Aqua ilipotoka Desemba 2011 ilikuwa na kilomita 40 kwa lita kwa kipimo cha 10-15 na 35.4 kwa JC08, zote kwa halali kabisa. Marekani Aqua iliuzwa kwa jina la Prius c, na EPA ikaipa maili 50 kwa galoni, ambazo ni kilomita 21.3 kwa lita. Kwa dereva anayewasha kiyoyozi kutoka Mbagala hadi Posta jijini Dar es Salaam, hiyo ya mwisho ndiyo inayomhusu.

Na gari dogo ndilo linaloumia zaidi likitolewa maabara. Passo ina uzito wa kilo 900 hivi. Wakipanda watu wazima watano wa kilo 70 kila mmoja, umeiongezea zaidi ya theluthi ya uzito wake, mzigo ambao V8 isingeuona. Kompresa ya kiyoyozi hudai nguvu yake kwa injini ya lita moja, injini isiyo na nguvu ya ziada. Kisha kuna ule mfumo wa kuzima injini gari linaposimama. Katika kipimo cha 10-15 karibu theluthi ya muda gari limesimama, kwa hiyo mfumo huo ulichangia sana ile 30 ya Demio. Kwetu kiyoyozi kikiwaka na joto likiwa kali mfumo hukataa kufanya kazi, betri yake ni ghali, ikifa wengi huweka ya kawaida na kubonyeza kitufe cha kuuzima.

Tupige hesabu. Mtu anayetembea kilomita 1,500 kwa mwezi akitegemea 30 kwa lita hupanga bajeti ya lita 50. Akipata 15, atahitaji 100. Septemba 2023 EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ilipotangaza petroli shilingi 211.64 kwa lita Nairobi, tofauti hiyo ilikuwa shilingi 10,582 kwa mwezi, karo ya mtoto. EPRA na mwenzake wa Tanzania, EWURA, hututangazia bei ya lita kila mwezi, na ni jambo jema. Ninachodai ni kwamba anayetuuzia gari naye alazimike kutaja kipimo kilichotoa namba yake: 10-15, JC08, au WLTC inayokuja na magari ya 2018 na kuendelea. Hiyo ya WLTC hutenganisha mjini, viungani na barabara kuu. Ya mjini ndiyo ya kuulizia.

Wakati tukisubiri, orodha ya EPA iko wazi kwa yeyote na inarudi nyuma hadi magari ya 1984. Vitz itafute kwa jina la Yaris, Demio kwa Mazda2, IST ya kwanza kwa Scion xA, ukihakikisha ukubwa wa injini unalingana, maana Mazda2 ya kule ina injini ya lita 1.5. Passo haikuuzwa Marekani. Mwenye Passo ajaze tangi hadi pampu ijikate yenyewe, arudishe kihesabu cha safari kwenye sifuri, atembee wiki yake kama kawaida na abiria wake na foleni zake, kisha ajaze tena kwenye pampu ile ile na agawe kilomita kwa lita zilizoingia.